Mtoto Anapogoma Kwenye Choo cha Stendi

Basi limesimama Korogwe. Konda ametangaza dakika kumi, abiria wanashuka mbiombio kuchimba dawa, na kwenye mlango wa tatu wa vyoo mtoto wa kike wa miaka mitatu hivi ameng'ang'ania fremu kwa mikono miwili. Mama yake anamvuta, kwanza kwa upole, kisha kwa nguvu. "Ingia, mwanangu, gari litatuacha." Mtoto hapigi kelele. Anatikisa kichwa tu, macho hayabanduki kwenye tundu. Honi inalia. Wanapanda bila kujisaidia, na kabla ya kufika Mombo kiti kimelowa.

"Si nilikwambia hakuna cha kuogopa?" mama anasema huku akifuta kiti kwa kanga.

Ni wiki kadhaa sasa, na sentensi hiyo haijanitoka kichwani. Imetamkwa kwa mapenzi. Kila mzazi wa Kiswahili ameshaitamka, na bibi zetu walituambia hivyohivyo.

Je, ni ya kweli?

Tundu lilichimbwa kwa kipimo cha nani?

Vyoo vya njiani vimejengwa kwa mwili wa mtu mzima. Sehemu za kukanyagia zimeachana kiasi kwamba mtoto wa miaka mitatu akitaka kuzifikia zote mbili lazima achanue miguu mpaka mizani imtoke. Komeo liko juu ya kichwa chake. Ndoo ya maji inamfika kiunoni. Sakafu imelowa, na viatu vyake vina soli laini. Anapotazama chini anaona uwazi unaokaribia upana wa mabega yake.

Kwa vipimo vyake yeye, hatari ipo.

Na kuna mahali imeua. Januari 2014, huko Limpopo, Afrika Kusini, mtoto wa miaka mitano aitwaye Michael Komape alifariki baada ya kutumbukia katika choo cha shimo cha shule yake, siku chache tu baada ya kuanza masomo. Kesi ya familia yake ilifika Mahakama ya Juu ya Rufaa, ambayo mwaka 2019 iliamua walipwe fidia. Sitaji jambo hili ili kutia watu hofu. Nalitaja kwa sababu mtoto anayegoma mlangoni anasoma kwa usahihi kitu ambacho sisi tumeacha kukisoma.

Kwa hiyo badala ya "hakuna cha kuogopa", jaribu maneno haya: "Ngoja nikague kwanza." Kisha kagua kweli, yeye akikuona.

Kanyaga sakafu kwa mguu mmoja kabla ya kuweka uzito wote. Ikibonyea, ikiwa ni mbao zilizooza, au ikiwa na ufa unaoanzia tundu na kuelekea ukutani, ondokeni. Tazama tundu: wajenzi wa vyoo bora hulifanya liwe jembamba, chini ya sentimita 20, ili mtoto asipite. Huwezi kutoa rula pale, ila ndala mbili za mtu mzima zikikaa sambamba zina upana wa karibu hivyo. Tundu likiwa pana kuliko hapo, mtoto asichuchumae peke yake hata kama ana miaka sita. Ukimaliza kukagua, mwambie ulichokiona: "Sakafu ni ya zege, ngumu. Tundu ni dogo. Nitakushika mpaka umalize, sitakuachia."

Huo ndio ukweli anaoweza kuusimamia.

Usimuulize "unaogopa nini?"

Mtoto wa miaka mitatu hawezi kujibu swali hilo. Atanyamaza, au atasema "dudu" kwa sababu ndilo neno alilo nalo. Muulize kwa kuonyesha: ni hili shimo? Ni giza? Ni ile sauti? Ni harufu? Ni mlango kufungwa? Taja moja moja, polepole, na usubiri. Mara nyingi jibu linakuja kwa macho kabla ya mdomo.

Lazima ujue ni kipi, kwa sababu dawa ya kila kimoja ni tofauti. Mzazi anayewasha tochi kwa mtoto anayeogopa tundu amemsaidia kuliona vizuri zaidi.

Tuanze na giza. Katika vyoo vya shimo vyenye bomba refu la kutolea hewa, giza limewekwa makusudi. Muundo huo ulibuniwa Zimbabwe katika miaka ya 1970 na Peter Morgan, katika maabara ya utafiti ya Blair: ndani kuwe giza ili nzi waliomo shimoni wafuate mwanga wa bomba, ambako wavu huwanasa. Ni ubunifu uliopunguza nzi na harufu kwa watu wengi sana. Lakini mtoto hajui habari za nzi. Anaona pango.

Mpe tochi ndogo ya kuvaa kichwani, au wewe uivae. Tochi ya simu si nzuri kwa kazi hii: mikono yako miwili inahitajika, na simu inayoshikwa kwa meno juu ya tundu siku moja itaingia. Mulika ukuta, usimulike shimo. Chumba chote kitapata mwanga hafifu na yeye hatakuwa na haja ya kutazama chini. Tangu mabasi yaruhusiwe tena kutembea usiku mwaka 2023, hili limekuwa jambo la kila safari ndefu.

Harufu ina dawa ya barabarani. Machungwa ya Muheza yanauzwa kwenye njia hiyohiyo. Menya moja, kamulia ganda lake kwenye leso hadi ile mvuke kali itoke, kisha mfunge leso shingoni ili aweze kuivuta puani mwenyewe. Mwache aishike yeye. Mtoto aliyeshika kitu chake ana kazi ya kufanya, na mwenye kazi hatetemeki sana.

Mlango ni rahisi zaidi: usiufunge. Simama wewe mlangoni, au tandaza kanga kama pazia. Watoto wengi wanaodhaniwa kuogopa choo wanaogopa kufungiwa.

Halafu kuna hofu tunayoipanda wenyewe. "Ukichelewa humo shetani atakushika." "Yule mtoto mtundu alitumbukizwa chooni." Maneno haya yanatoka kwa shangazi, kwa dada wa kazi, kwa mtoto wa jirani. Nyumba za Kiislamu zina dua ya kuingia chooni na utaratibu wa kutanguliza mguu wa kushoto, kisha wa kulia wakati wa kutoka. Ukimfundisha hayo kama kinga aliyonayo tayari, anaingia na kitu mkononi. Ukimfundisha kama onyo kuhusu kinachomsubiri ndani, umemwongezea mzigo. Dua ni ileile. Kinachobadilika ni sauti yako.

Sauti

Wanaosafiri kwa ndege kwenda Muscat, Dubai au London na watoto wadogo hukutana na hofu nyingine. Hakuna shimo, hakuna giza, kila kitu kinang'aa. Lakini choo kinanguruma.

Kuhusu mashine za kukaushia mikono, watoto wana ushahidi. Mwaka 2019 jarida la madaktari wa watoto la Kanada lilichapisha utafiti wa msichana wa miaka 13, Nora Keegan, aliyekuwa amepima sauti za mashine hizo katika vyoo vya umma kwao Alberta. Alipima kwenye usawa wa masikio ya mtoto, na akakuta baadhi yake zinavuka desibeli 100. Kanada hairuhusu kuuza kifaa cha kuchezea chenye sauti ya namna hiyo. Mashine hizi hutundikwa usawa wa kifua cha mtu mzima. Kwa mtoto hapo ndipo kilipo kichwa.

Akisema masikio yanauma, yanauma. Mzibe masikio, mkaushe kwa kanga, tokeni.

Vyoo vinavyojimwagia maji vyenyewe vina jicho linalohisi mtu aliyekaa. Mtoto ni mdogo na hatulii. Akiinama mbele, jicho linadhani ameondoka, na maji yanafoka akiwa bado amekaa. Tukio moja la hivyo linatosha kuharibu safari nzima. Kabla hajakaa, litafute jicho hilo, kidoa cheusi ukutani nyuma ya kiti, na ulibandike karatasi yenye gundi au karatasi ya chooni iliyoloweshwa. Iacheni hapo mpaka avae nguo na atoke. Kisha bandua.

Ndani ya ndege ni mvuto wa hewa unaofanya kazi, ndiyo maana sauti ni fupi na kali. Fungeni mfuniko, mtoto asimame nje ya mlango, mhesabu pamoja "moja, mbili, tatu", ndipo ubonyeze. Baada ya mara mbili tatu mwulize kama anataka kubonyeza mwenyewe. Akikataa, ni sawa. Siku atakayobonyeza, hofu hiyo imeisha, maana kinachotisha katika sauti ni kutojua itakuja lini.

Kinachotokea akibana

Hapa ndipo nisipokubaliana na ushauri wa "mwache tu, akizidiwa atakwenda."

Mkojo, ndiyo, mara nyingi atazidiwa. Haja kubwa haifuati sheria hiyo. Choo kikikaa tumboni, utumbo mpana unaendelea kukifyonza maji. Kesho yake ni kigumu, keshokutwa ni kigumu na kikubwa. Anapokitoa anaumia, pengine anachanika kidogo. Sasa haogopi choo cha stendi peke yake; anaogopa kujisaidia kokote, hata nyumbani kwa bibi kwenye choo alichokizoea. Anabana tena, na mviringo unajifunga. Sehemu ya mwisho ya utumbo ikitanuka kwa muda mrefu, hisia ya kuhitaji kwenda hupungua, na choo laini huanza kupenya pembeni ya kile kigumu na kuchafua chupi.

Wazazi wengi wakiona hivyo hudhani ni kuharisha na kumpa dawa ya kufunga tumbo. Hiyo humzidishia tatizo.

Dalili za kubana ni hizi: anasimama kwa ncha za vidole, anapishanisha miguu, anajificha nyuma ya kiti na kukakamaa uso ukiwa mwekundu au umeiva jasho. Wengi wanafikiri anasukuma. Anazuia.

Na tafadhali usimnyime maji ili asisumbue njiani. Maji kidogo ndiyo mwanzo wa choo kigumu, na kwa watoto wa kike kubana mkojo muda mrefu hukaribisha maambukizi ya njia ya mkojo. Mpe maji kidogo kidogo, papai asubuhi na jioni kuanzia siku mbili kabla ya safari, na punguza biskuti na chipsi za dirishani. Kama siku tatu zimepita bila choo na tumbo limejaa, linauma, anatapika au kuna damu, hilo ni la kituo cha afya.

Saa pia husaidia. Baada ya kula, tumbo huamsha utumbo, kwa kawaida ndani ya nusu saa. Kama basi linaondoka saa kumi na mbili asubuhi, mwamshe mapema kuliko unavyotaka, mpe uji wa moto, kisha mkalishe chooni nyumbani bila haraka. Dakika hizo za nyumbani ni za thamani kuliko vituo vyote vya njiani.

Mazoezi kabla ya safari

Stendi yenye honi si mahali pa kujifunza. Anza wiki mbili kabla, kwenye choo cha kituo cha mafuta kilicho karibu, cha zahanati, cha msikitini au kanisani. Siku ya kwanza mfike mlangoni tu, mtazame, muondoke. Siku nyingine aingie na kutoka. Kisha achuchumae akiwa na nguo, umeshika mikono yake. Kisha ajaribu, itoke au isitoke. Usipande ngazi inayofuata mpaka hii ya sasa imchoshe. Akirudi nyuma, shuka naye ngazi moja, bila maneno.

Mzazi mwenye haraka huharibu hapa: mtoto ameingia kwa ujasiri, naye anasema "haya, sasa kojoa kabisa." Ahadi ilikuwa kutazama tu. Ahadi ikivunjwa mara moja, mlango wa pili hataukaribia.

Namna ya kumshika

Watu wengi humbeba mtoto kwa nyuma, mikono chini ya mapaja, mgongo wake kifuani kwao. Kwa mkojo inatosha. Kwa haja kubwa haifai: mtoto wa miaka mitatu ana kilo 13 au 14, mikono yako itaanza kutetemeka ndani ya dakika mbili, na yeye ataihisi mitetemeko hiyo na kukaza kila msuli.

Kuna njia bora kwa choo cha kuchuchumaa. Mvue suruali na chupi kabisa, si kuzishusha magotini, kwa sababu zikiwa magotini zinamfunga miguu na zitalowa. Zitundike shingoni mwako. Weka nyayo zake zote mbili upande mmoja, mbele ya tundu, akilipa mgongo. Wewe chuchumaa mbele yake, mshike mikono juu kidogo ya viganja, naye akushike vivyo hivyo. Aketi kinyumenyume hewani mpaka makalio yawe juu ya tundu, uzito wake ukining'inia kwenye mikono yenu minne.

Angalia kilichotokea. Halioni tundu tena. Anaona uso wako.

Mtoto wa kike ainamishe kiwiliwili mbele kidogo ili mkojo uende chini badala ya kutiririka pajani. Wa kiume aelekeze chini kwa mkono mmoja, wewe ukimshika kiuno. Wakati wa kutawadha mtangazie: "maji yanakuja, ni ya baridi." Maji ya ghafla huwashtua watoto kuliko tunavyodhani. Binti aoshwe kutoka mbele kwenda nyuma.

Choo cha kukaa kina tatizo jingine: miguu inaning'inia. Kuna msuli unaozunguka njia ya haja kubwa kama kombeo na kuikunja. Mtu akichuchumaa unalegea, akikaa na miguu hewani unabaki umekaza. Weka begi au goti lako chini ya nyayo zake ili magoti yapande juu ya nyonga. Au mgeuze akae akitazama ukuta, amepanua miguu pande zote mbili za kiti. Ataenea vizuri na hatahisi kudumbukia. Ila usimsimamishe kamwe juu ya kiti cha kauri. Kikivunjika, vipande vyake hukata vibaya sana.

Ndoo

Kuna siku atakataa yote, na ni haki yake.

Chukua ndoo ya rangi ya lita 4 iliyosafishwa, yenye mfuniko wa kukaza. Kata kipande cha mpira wa kumwagilia, kipasue kwa urefu, ukivalishe kwenye ukingo ili usimkate mapaja. Ndani tandaza pampasi moja iliyofunguliwa; itanyonya mkojo wote na hakuna kitakachomwagika basi likipiga kona. Tangu mifuko ya rambo ipigwe marufuku Tanzania mwaka 2019, na Kenya mwaka 2017, mfuniko ndio unaofanya kazi iliyokuwa ya mfuko. Aizoee nyumbani kwanza.

Pamoja na ndoo: chupa ya maji ya lita moja na nusu, kipande cha sabuni, kanga mbili, suruali mbili za mpira kiunoni, na sarafu za kulipia mlangoni. Mhudumu wa choo mwambie mapema, "Dada, nina mtoto anaogopa, kipi kisafi?" Mara nyingi ndiye mwenye ufunguo wa kile chumba kikubwa. Konda naye umwambie kabla ya kuondoka, siyo wakati mtoto amebanwa, na uombe viti vya mbele. Mkisimama, mwe wa kwanza kushuka, kabla sakafu haijalowa.

Pampasi mwilini? Kwa mtoto wa chini ya miaka mitatu kwenye safari ya saa kumi, sioni ubaya, mradi ameambiwa ni ya gari na itavuliwa mkifika. Wa miaka minne au mitano anaweza kuiona kama adhabu. Muulize yeye.

Baba na binti

Baba anayesafiri peke yake na binti mdogo husimama katikati ya milango miwili bila kujua aende upi. Aende naye kwenye upande wa wanaume, kwenye chumba chenye mlango, akimfunika kanga wanapopita. Au amwombe mhudumu mwanamke asafishe njia upande wa wanawake na aingie naye. Kisichofaa ni kumkabidhi kwa abiria asiyemjua "amsaidie kidogo", hata abiria huyo awe na sura ya huruma kiasi gani.

Kwa wenye vituo

Kampeni za Mtu ni Afya, kisha Nyumba ni Choo, zilisukuma familia nyingi kujenga vyoo. Vituo vya mabasi navyo vimejengwa, vingine vikubwa na vya kupendeza. Katika vyumba kumi vya choo, kimoja kingeweza kuwa cha mtoto: tundu la sentimita 12, sehemu za kukanyagia zilizokaribiana, kishikio cha bomba ukutani kwenye urefu wa sentimita 60, dirisha la kuingiza mwanga, komeo ambalo mzazi anaweza kulifungua kwa nje, na bomba la maji analoweza kulifikia mwenyewe. Fundi anayemimina bamba la zege anahitaji kuambiwa vipimo hivyo kabla hajachanganya saruji, siku ileile anayomimina yale mengine tisa.